Corvette ya Maxine

Orrin Haskett alipiga magoti kwenye sakafu ya gereji, akaingiza kichwa ndani ya gari na kuanza kuupapasa mlango wa abiria kama kipofu. Alikuwa akitafuta alama za meno.

Mwenye gari, mkulima mstaafu aitwaye Lowell Brandt, alimtazama akiwa amekunja mikono. Wanunuzi waliotangulia walifungua boneti, wakasikiliza injini, wakachungulia kutu chini. Huyu hakuuliza hata kama linawaka.

Vidole vya Orrin vikasimama. Pale mtu anapoegemeza mkono, kwa chini, palikuwa na vishimo vidogo vilivyojipanga nusu duara. Alikuwa na miaka sita siku alipoviacha, jino linamuuma, na mama yake akiendesha kwa kasi alimwambia ang'ate chochote, wamekaribia kwa daktari.

Aliketi sakafuni.

"Ndilo," alisema.

Maxine, mama yake, aliondoka na Corvette hii nyekundu kiangazi cha mwaka 1978. Orrin alikuwa amelala kwa bibi yake. Aliporudi nyumbani, uani palibaki doa la mafuta tu, na baba yake, Delbert, ameketi kwenye ngazi za mlangoni. Baba alimweleza kwamba mama kawasha gari, kaenda zake, na hakusema anakwenda wapi. Basi. Delbert hakuoa tena. Alimpikia mwanawe, akamfulia, akamlea kwa mshahara wa kiwanda cha matairi, na mji mzima ukamsifu kwa uvumilivu.

Orrin alikua akigeuza shingo kila lilipopita gari jekundu. Alipooa, akawa mume wa kumwuliza mkewe, Renee, anakwenda wapi hata akiinuka kunywa maji. Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Renee alichoka, akafungasha virago. Delbert alikuja jioni hiyohiyo na sufuria ya supu, akamshika mwanawe bega.

"Sisi ni watu wa kuachwa, mwanangu. Zoea."

Maneno yale yalimkaa Orrin kama mwiba wa samaki kooni. Hakutaka kuzoea. Alianza kulala sebuleni na nguo zake, taa inawaka, akipekua mtandao mpaka macho yanamwasha. Alitaka kumwona mama yake mara moja tu, amwulize yule mtoto wake alikosa nini. Hata kama mama amezeeka hamtambui mtu. Hata kama ni kaburi. Na hakuwa na pa kuanzia ila gari.

Ndipo alipoliona tangazo: Corvette ya mwaka 1969, nyekundu, iko kwa mtu mmoja tangu 1978, huko Indiana. Kutoka kwao Ohio, ni mwendo wa asubuhi moja.

Delbert alimkataza. Alisema Corvette nyekundu ni nyingi kama kunguru, atajitonesha kidonda bure. Lakini alipomwona kashika funguo, mzee akageuka ghafla, akasema basi watakwenda pamoja. Njiani hakutia kitu mdomoni. Mara mbili aliomba warudi, akisema moyo unamwenda mbio. Orrin alimwonea huruma. Hakujua kwamba baada ya miaka yote hiyo jambo lile bado linamuuma baba yake hivyo. Walipofika kwa Lowell, Delbert alikataa kushuka. Alifunga kifungo cha juu cha shati, kikafunika nusu tu ya baka jekundu la kuzaliwa lililompanda shingoni hadi sikioni. Akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akabaki ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa, jua la Julai linawaka.

Sasa Lowell alimletea Orrin kiti, akamwuliza kulikoni.

"Lilikuwa la mama yangu," Orrin alisema. "Taja bei yoyote. Sitaomba punguzo. Ila nataka kujua jambo moja, nakuomba. Aliyekuuzia unamkumbuka?"

"Namsahauje? Sijawahi kununua kitu kwa namna ile, kabla wala baada."

Orrin akainuka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyezungumza na mama yake baada ya kuondoka kwake. Alitaka kuuliza alivaa nini, alikuwa analia au anacheka, kama alitaja kwamba ana mtoto. Akafungua kinywa aanze.

Lowell alikuwa akitazama nje.

"Yule kwenye pikapu ni nani?"

"Baba yangu. Hajisikii vizuri."

"Na joto hili? Utamuua mzee wa watu. Tumtoe kwanza, akae kivulini, ndipo nikusimulie."

Lowell alichota glasi ya maji ya baridi, akatoka nayo, na Orrin akamfuata nyuma akijifuta macho kwa kiganja. Alijiambia kwamba baba naye ana haki ya kusikia. Wamengoja pamoja, acha wasikie pamoja.

Lowell akafungua mlango wa pikapu, akanyoosha glasi. Delbert hakuipokea. Alikuwa ameugeuza uso upande wa pili, anatazama mahindi. Lowell akainama, akaliona lile baka shingoni, na uso wake ukachanua kama wa mtu aliyemwona rafiki wa zamani.

"Kumbe ni wewe, bwana! Si nilikuambia siku ile, mtu aliyetoka kumzika mke asiharakishe kuuza kitu? Nilijua ipo siku utakuja kulikomboa."