Kakakuona na Baraza Lililonyamaza

Paliishi Kakakuona mwenye haya nyingi. Kila jioni, akiwa shimoni mwake, aliwasikiliza Ngedere, Kanga na Kobe wakijadili dunia: vita vya nchi za mbali, misitu inayoungua, na Kiboko aliyekifanya kijito cha wote kuwa chake. Alitamani mno kuketi nao, lakini alijiona hana la kusema.

Kiboko alipopata habari kwamba anasemwa barazani, akaja akafoka, "Atakayetaja tena maji yangu nitamkanyaga!" Baraza likavunjika.

Kakakuona akazikosa sauti zile hata mchwa wakamshinda kula. Akamwendea Ngedere. "Ndugu yangu, rudini mzungumze."

"Nyamaza, Kiboko atakusikia!" Ngedere akajificha.

Basi akaenda barazani peke yake, Kiboko akimkodolea macho kutoka kijitoni. Mwili ulimtaka ajikunje, hakujikunja. Akasema, "Jamani, kijito hiki tulikikuta sote."

Kiboko akainuka. Mara Kanga akaitika kichakani, "Kweli kabisa, ndugu! Endelea." Kobe akatokea, kisha Ngedere, wakaketi kando yake. Kiboko akaona wamekuwa wengi, akazama.

Kumbe nao, kila mmoja mafichoni mwake, walikuwa wakitamani apatikane wa kuanza.