Wadudu wa Msitu wa Chini

Hakuwa na shahada, hakuwa na darubini, hakuwa na mtoto wala mpwa serikalini wa kumshika mkono, na asubuhi hiyo, mbele ya meza ya afisa wa misitu, hakuwa hata na kiti. Alisimama kofia mkononi, akisikiliza msitu wake ukihukumiwa kwa sauti ya upole.

"Matokeo ndiyo hayo, mzee wangu. Aina nyingi za wadudu ziko juu, karibu na kilele. Huko chini kwenu ni inzi na siafu tu. Penye aina nyingi tutapazungushia uzio. Pengine pote, kampuni ya mbao inaingia mwezi ujao."

Mzee huyu kijiji kizima kilimwita Machupa, kwa kazi yake ya kukusanya wadudu kwenye chupa za spiriti. Misimu miwili, kwa mradi wa kuhesabu wadudu, alikuwa ametega mitego msitu wa chini, nyuma ya nyumba yake, penye mizinga yake ya nyuki na chemchemi inayonywesha kijiji. Shemeji yake alitega kule kileleni. Gari la mradi lilikuwa likibeba maboksi ya wote wawili hadi mjini, kwa wataalamu.

"Bwana mkubwa, kule juu ni baridi," alisema. "Ukipanda, aina zinapungua. Hilo hata mke wangu analijua, naye mdudu humjua kwa ndala tu."

Makarani walicheka. Afisa alitabasamu kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko kicheko.

"Sisi pia tulidhani hivyo. Lakini hatukubahatisha. Maboksi yenyewe ndiyo yaliyosema."

"Basi yamesema uongo."

"Boksi halina ndugu wala shamba, mzee wangu. Litadanganya kwa faida ya nani?" Akafunga faili. "Ukitaka rufaa, tuletee wadudu wengine kabla ya Ijumaa. Barua ambatanisha ukipenda, ila barua mtu huandika anachotaka. Sisi tunasoma boksi."

Nyumbani alimkuta shemeji yake amekaa kizingitini, kamba za viatu zikining'inia, maana kwake hata kufunga kamba ni kibarua.

"Eti kwangu ndiko kwenye wadudu!" shemeji alisema. "Shemeji, kule mbu wenyewe wanalala na soksi. Mimi boksi nilikuwa napiga mkanda, hata neno siandiki, natupa garini, basi. Limejaa mende wale wale, kama picha ya ukoo."

"Sasa wangu wamekwenda wapi?"

"Wamekuona huna mtu, wakakuonea. Utafanya nini?"

Hilo ndilo Machupa naye aliloamini, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Miti ilikuwa imeshapigwa alama za rangi nyekundu, mpaka ule unaofunika chemchemi. Alijaribu kuikwangua kwa kisu. Rangi ilikuwa imeshazama kwenye gome.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "wape walichoomba. Wajaze meza mpaka wakose pa kuweka chai."

Basi akatega. Akapata mbawakawa wa kijani wanaong'aa, nondo wenye macho mabawani, nyigu wembamba kama uzi, vijidudu ambavyo hata yeye hakuwahi kuviona. Zaidi ya yote, aliwapata bila kutoka jasho. Msitu ulimjazia tu, kama unaojitetea wenyewe. Alizipanga chupa kwenye boksi, akazikaba kwa majani makavu. Katika kazi hii hakuna aliyemfikia: njia ile yote mbovu, na hakuna chupa yake hata moja iliyowahi kumwagika.

Kisha akaandika barua. *Kwa heshima na taadhima, wadudu hawa wote wametoka chini. Naomba mtazame vizuri.* Akamsomea mkewe. Mkewe akasema "mtazame vizuri" ni kuwagombeza wakubwa, akaiandika upya, akaweka "mtuhurumie." Machupa akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaiingiza pembeni mwa chupa, akaliziba boksi.

Gari la mradi lilikuwa limeshapiga honi. Dereva alilipokea boksi kwa mkono mmoja.

"Nalilaza hivi, mzee?"

"Usililaze! Leo umesahau kusoma? Si nimeandika palepale ninapoandika siku zote?"

Dereva akaligeuza likakaa wima, akawasha gari. Likaondoka na barua, na wadudu, na kwenye kifuniko, kwa herufi kubwa za wino mzito, lile neno moja ambalo boksi la Machupa halikuwahi kulikosa: JUU.