Anayetoa Kelele Ajitaje

Mchunguzi wa nyumba zenye mizimu alikuwa na sharti moja: kinasa sauti kikiwashwa, kila anayetoa kelele ajitaje, asije marehemu akasingiziwa chafya ya aliye hai.

Nyumba hii mke wa kaka yake alitaka kuhamia. Mwanawe mchanga alikwisha kumlaza chumbani.

"Sema kweli, shemeji. Nihamie?"

"Ngoja kwanza tusikilize tulichonasa."

Akarudisha mkanda. Kinasani, kiti kililia. "Ni mimi," ikafuata sauti ya mchunguzi mwenyewe. Kisha chafya, na shemeji: "Mimi huyo! Vumbi gani hili!"

Halafu, humo humo kinasani, bawaba za mlango wa chumbani zikalia taratibu, kama unaosukumwa kwa kidole kimoja.

"Ni mimi," ikasema sauti wasiyoijua, kwa adabu zote.

Papo hapo, kule chumbani, mtoto akacheka kama anayetekenywa.