Maji ya Ndimu ya Mwalimu Chennakesavulu

Ilipogonga saa kumi na mbili jioni, wake waliingia turubaini na glasi zao.

Mgomo wa kula ulikuwa wa zamu: kumi wanafunga leo, kumi wengine kesho, ili jimbo la watu wa lugha ya Kitelugu lisikatwe vipande viwili. Jioni kila mfungaji hunyweshwa maji ya ndimu na mtu wa nyumbani kwake. Mwalimu mstaafu Chennakesavulu ndiye pekee aliyefunga kila siku, mwezi wa sita sasa, na ndiye pekee aliyejimiminia mwenyewe.

"Lete nikunyweshe mimi, Mwalimu," alisema Lakshmidevamma, muuza bajia za pilipili wa kando ya turubai. "Mkono wangu una mafuta lakini hauumi."

"Asante, dada. Nimezoea."

Siku ya kwanza mama huyu alimuuliza mkewe yuko wapi. Mwalimu alinyoosha kidole ng'ambo ya daraja la mto. "Nilimpeleka Alampur mwenyewe. Mwaka wa nne huu."

Lakshmidevamma akafunika mdomo kwa ncha ya sari. Mji mzima wa Kurnool unajua watu hupeleka nini Alampur, pale mito miwili inapokutana: majivu ya maiti wao. Kufika jioni soko zima lilikuwa na habari, na hakuna aliyemuuliza tena. Walinong'ona tu akipita: masikini, anapika kikombe kimoja cha wali, na nusu yake wanakula kunguru.

Lakini mpe kipaza sauti!

"Wa ng'ambo ya mto, wanaotaka jimbo lao, wanasema tumewanyang'anya kazi na maji," alinguruma. "Upo ukweli, tusijifanye. Basi tugombane, tufidiane, lakini ndani ya nyumba moja! Lango la bwawa likiwa kule na shamba likiwa huku, nani atamfungulia nani? Babu yangu aliuza karanga kule maisha yake yote bila mkalimani. Watu wanaoelewana hata wakitukanana, mnawatenganisha kwa lipi?"

Makofi yakalipuka. Obulesu, fundi cherehani aliyeongoza mgomo, akamvisha shada la maua. "Mwalimu, tukishinda tutakubeba mabegani!"

"Tukishinda mimi sipati kitu, Obulesu. Nitarudi kwenye sufuria langu lile lile. Lakini ukweli ni ukweli."

Watu wakasema, unyenyekevu huo.

Februari, wabunge kule Delhi wakapiga kura. Televisheni ya duka la jirani ikatangaza mchana: jimbo limegawanywa. Obulesu akalia mbele za watu, bila kujificha. Wengine wakakunja mikeka kimya kimya. Lakshmidevamma akazima jiko, bajia zikiwa bado mbichi katikati.

Mwalimu alibaki ameketi, shada limemnyaukia shingoni, macho darajani. Ng'ambo ngoma zilikuwa zimeshaanza.

"Twende nyumbani, Mwalimu," alisema Obulesu. "Yamekwisha."

"Nyumbani kuna nini? Jua halijazama. Sijafungua."

Ngoma zikasogea, zikasogea, hadi katikati ya daraja, kisha zikasimama. Wachezaji hawakuthubutu kuvuka. Alivuka mtu mmoja tu: bibi mfupi, poda ya sherehe ya rangi ya waridi imemjaa kwenye mvi, bendera ya wale wa kule kwapani, glasi mkononi. Vijana wa mgomo wakainuka kumzuia. Akawapita kama anapita mbuzi, akachuchumaa mbele ya Mwalimu, akamsogezea glasi mdomoni.

"Haya kunywa, mzee mkaidi," alisema. "Nilikuapia sikupikii tena mpaka tupate jimbo letu. Tumelipata. Nyumbani mchele upo?"