Keki ya Siku Yangu

Siku hizi kumbukumbu hutolewa zawadi, na ukishaitoa huna tena. Baba, ambaye wajukuu humwita Babu Shekue, hutupa sisi wanawe wakubwa moja moja kila mtu anapotimiza mwaka mwingine wa kuzaliwa.

Nilipofika miaka arobaini aliniuliza, "Nikupe ipi, mwanangu?"

Nilijua inayomtesa. "Nipe kifo cha mama, chote, hadi matanga."

Akanishika mkono, yote yakanihamia: pumzi ya mwisho, sanda, kilio alichotuficha. Uso wake ukakunjuka.

Nikamimina chai, yake na yangu. Akachukua kikombe cha tatu, akakijaza mwenyewe, akakifunika kwa kisahani chai isipoe.

"Mama yako kachelewa leo," akasema, akitazama mlango. "Keki isikatwe mpaka aje."