Filimbi ya Tindwa

Tindwa alirudi mazoezini Jumapili. Kamba za raba alifungiwa na mkewe, maana akiinama kifua kinambana. Kabla mapafu hayajamlaza, yeye ndiye aliyeongoza mchakamchaka wa mtaa: akipuliza filimbi, kundi zima linaitikia “Hoi!” na kukaza mwendo.

Zamoyoni, aliyeshika nafasi yake wakati anaumwa, akaivua filimbi shingoni.

“Kaka, chukua chombo chako.”

“Mtaniacha.”

“Nani akuache? Mwenye filimbi hapitwi, sheria si uliiweka mwenyewe?”

Wakaanza taratibu. Walipofika kwenye kibanda cha mkaa, Tindwa alikuwa ameshaacha kukimbia, anatembea tu. Akaweka filimbi mdomoni akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Akapuliza tena mpaka macho yakamtoka, na filimbi haikulia.

“Hoi!” wakaitikia nyuma yake, wote kwa pamoja, kana kwamba wameisikia.

Tindwa hakugeuka. Alisikia miguu yao ikipiga chini kwa kishindo, palepale, wakikimbia bila kusogea ili wasimpite.