Pua ya Hannah

Hannah aliinama juu ya mkono wa Bramwel, akavuta pumzi ndefu, asisikie chochote. Akainuka na kuandika kwenye fomu: Ndimu. Baada ya muda wa saa nne bado kali.

"Kweli bado iko?" alinong'ona.

"Iko," Bramwel akajibu, akiangalia dirishani. "Ni kama mtu amekata ndimu sasa hivi."

Walikuwa ghorofa ya tatu katikati ya jiji, katika chumba ambamo Bwana Waweru alikuwa akijaribu marashi yake ya msimu wa joto. Kila asubuhi watu sita walikuja, wakapuliziwa mkononi, wakaketi. Kila nusu saa Hannah aliwapitia akinusa. Harufu ikimwisha mtu, anaweka sahihi, analipwa kwa saa alizokaa na kwenda zake.

Kwa miaka saba pua ya Hannah haikuwahi kumwaibisha. Alijua kwamba limau huja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga. Chungwa likizeeka kwenye ngozi hugeuka peremende. Balungi huacha uchungu mtamu kwenye kifundo cha mkono, na ndimu kwa mtu anayetoka jasho huishia kuwa sabuni. Alijua pia kwamba katika yote hayo, ni machache yanayomaliza saa tatu.

Kisha Agosti akapata homa. Alilala wiki nzima nyumbani Uthiru, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Aligundua siku binti yake Kui alipoingia mbio kutoka nje akipiga kelele, "Mami, maharagwe yanaungua!" Hannah alikuwa amesimama kando ya sufuria.

Daktari alimwambia asubiri. Sasa ilikuwa Januari.

Mwanzoni aliandika kwa kumbukumbu. Halafu akaanza kuwauliza watu, "Wewe mwenyewe unasikiaje?" kana kwamba ni swali jipya la fomu. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Aliyemgundua ni Bramwel, fundi wa kuweka vigae ambaye kazi za mjengo zilikuwa zimemkauka. Siku moja chupa nzima ya balungi ilianguka ikapasuka nyuma ya Hannah. Watu waliziba pua, wengine wakakohoa. Hannah aliendelea kuandika. Bramwel alingoja hadi wenzake walipotoka.

"Madam, wewe husikii harufu."

Hannah aliketi kwenye stuli, na machozi yakaanza kumtoka. "Tafadhali usimwambie bosi."

"Nimwambie nini? Mimi nitakunusia. Nitakuwa nakuambia vile iko."

Ikawa hivyo. Wengine waliondoka kabla ya saa sita mchana, lakini mkono wa Bramwel ulishika hadi saa nane, wakati mwingine hadi saa tisa. "Ngozi yangu iko na mafuta," alieleza. "Sisi watu wa Kakamega tunashika kitu." Hannah alitaka kubisha, lakini angebisha kwa pua gani? Walikaa wawili dirishani wakinywa chai na mandazi. Hannah alisimulia jinsi Kui alivyoanza kujifunza kinanda kanisani, naye Bramwel akasimulia kuhusu mama yake, ambaye hupigia simu ng'ombe akiwa safarini, mtu amshikie simu sikioni. Hannah alicheka hadi chai ikamwagika. Jioni Bramwel alimsindikiza hadi steji ya matatu. Njiani kwenda nyumbani Hannah alimshukuru Mungu kwamba katika Nairobi nzima, ngozi bora kuliko zote alipewa mtu mwema kuliko wote.

Bwana Waweru alizisoma fomu akitikisa kichwa. "Limau, masaa tano?" aliuliza.

"Ndiyo, bosi."

Alhamisi moja Bwana Waweru alileta chupa ndogo iliyoandikwa namba tisa. "Hii ni kidogo sana. Leo mjaribu Bramwel peke yake."

Hannah alimpulizia. Bramwel aliinua mkono puani, akanusa mara mbili. Alimtazama Hannah kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ni ya nini?" Hannah aliuliza.

"Chungwa," akasema taratibu. "Chungwa na kitu kama majani."

Aliandika hivyo. Saa nne akainama, akaandika. Saa sita akaandika. Saa tisa alasiri Bramwel alikuwa bado anasema iko. Alimwangalia tu akiandika.

Bwana Waweru alimwita katika ofisi yake ya vioo na kufunga mlango. Aliisoma fomu mstari kwa mstari.

"Chungwa na majani," alisema.

"Ndiyo, bosi. Ya majani inajitokeza baadaye kidogo."

Bwana Waweru alivua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Hannah.

"Tangu lini, Hannah?"

Hannah aliinama kuisoma fomu tena.

"Hii namba tisa niliijaza mwenyewe leo asubuhi," alisema Bwana Waweru. "Pale kwa mfereji wa maji."

Hannah aligeukia ukuta wa kioo. Huko nje Bramwel alikuwa amesimama akiwatazama. Alipoona uso wa Hannah umegeuka, aliinua mkono puani, akavuta pumzi ndefu akifumba macho, kisha akatabasamu na kumwonyesha kidole gumba: bado iko.